Pazia Kati ya Televisheni Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Nimeharibu. Au nimetengeneza. Mpaka sasa sijui.

Asubuhi Bosi aliingia dukani akiwa na miwani ya jua, akakaa juu ya marobota ya kitambaa cha pazia na hakuivua. Binti yake yumo kwenye Koo la Dhahabu, lile shindano la kuimba la chaneli ya pili. Juzi Jumamosi alinusurika kutolewa. Akaniuliza kama niliangalia.

Sikuangalia. Nitaangaliaje? Nyumbani kwangu rimoti iko mkononi mwa mama mkwe, na mama mkwe haangalii kitu kingine ila Pumzi Moja, shindano la chaneli ya tano, kwa kuwa kitinda mimba wake, yaani shemeji yangu, anaimba humo. Siku ile ile. Saa ile ile. Kana kwamba wenye chaneli walikaa kikao wakanipangia mimi.

Nikamjibu Bosi kwamba niliangalia, na kwamba nililia.

Kuangalia peke yake kungetosha. Kilio nilikiongeza mwenyewe. Lakini mwezi ujao Bosi anafungua duka la pili na anatafuta wa kulisimamia, na pembeni yangu alikuwa amesimama Fundi Uzi. Huyu ndiye mshonaji wetu. Tunamwita Uzi kwa wembamba wake, na kwa kuwa hakuna tundu asilopita. Naye anakitaka hicho cheo.

Fundi Uzi akasema, sindano bado iko mdomoni, kwamba ule wimbo ulikuwa juu mno kwa sauti ya yule msichana na angechagua mwingine. Alimwambia hivyo mama mzazi, usoni. Nikamhurumia. Kajimaliza mwenyewe.

Bosi akanigeukia, akauliza nililia sehemu ipi. Nikasema pale mwisho. Akasema hata yeye.


Jumanne, 5 Machi

Siku nzima nimekuwa nikiokoteza habari za Koo la Dhahabu. Nimemchimba mwenzangu wa kaunta, nimemchimba dereva wa kupeleka mizigo. Naweza sasa kusema kitu.

Kwenye Koo la Dhahabu majaji ni watatu na wote hulia. Kila anayeimba huitwa zawadi. Hata anayetolewa hutolewa kwa kukumbatiwa, mpaka unaweza kudhani ndiye aliyeshinda. Pumzi Moja ni kinyume chake. Mwimbaji husimama chini ya taa, jaji akichoka naye anaizima, na mtu anamalizikia gizani mdomo wazi. Mama mkwe anasema hilo ndilo shindano, lile lingine ni msiba wenye gitaa. Bosi anasema Pumzi Moja inaangaliwa na watu waliochapwa sana utotoni.

Nimekubaliana na wote wawili. Mmoja wakati wa chai ya asubuhi, mwingine kazini. Nikaona mambo yamekaa sawa.

Hayakukaa. Kabla ya kufunga duka Bosi aliniita stoo. Akasema Jumamosi hii ni nusu fainali, mume wake yuko safarini, na hawezi kuangalia peke yake, moyo hautastahimili. Kwa kuwa nyumba yangu nzima inalipenda shindano (eti nilisema nyumba nzima inalia; sikumbuki, lakini inafanana na mimi), atakuja kuangalia kwangu. Yeye na wafanyakazi wote wa duka.

Nikasema karibu sana. Mdomo ulisema. Mimi mwenyewe nilikuwa mbali, nahesabu pete za mapazia kwenye rafu.


Alhamisi, 7 Machi

Sijala vizuri tangu juzi. Mke wangu aligundua jana, akanibana, nikamweleza. Akasema nimwambie mama yake ukweli, au nimwambie Bosi ukweli, ni jambo dogo.

Dogo? Mama mkwe hajamsamehe muuza nyama wa hapa mtaani aliyekiri kumpigia kura mwimbaji mwingine wa Pumzi Moja. Mpaka leo tunanunua nyama kule ng'ambo ya soko. Muuza nyama si hata ndugu. Mimi ni mkwe.

Kwa hiyo nimepanga. Sebule yetu ni ndefu. Mimi ni mtu wa mapazia. Nitaigawa katikati kwa pazia zito, kutoka ukutani hadi ukutani. Upande wa dirishani, mama mkwe na televisheni yetu. Upande wa mlangoni, wageni na televisheni ya kinyozi wa ghorofa ya chini, ambaye amekubali kuniazima kwa sharti kwamba nisiguse kitufe cha pembeni.

Mama mkwe nimemwambia wafanyakazi wenzangu wanakuja kwa kikao cha kazi. Akauliza kikao gani cha Jumamosi jioni. Nikasema cha kuhesabu vitambaa. Akasema sawa, baba, ila wasinipigie kelele mwanangu akiimba. Nikamwambia nimeshalifikiria hilo, ndiyo maana nimemletea visikilizio vya kuvaa masikioni. Akafurahi. Akasema binti yake aliolewa na mtu mwenye akili.

Bosi nimemwambia mama mkwe ana maradhi ya macho. Mwanga unamuumiza, hivyo atakaa nyuma ya pazia, kimya, gizani. Bosi akasikitika. Akasema nina moyo wa kumtunza.

Ukiyatazama yote kwa pamoja, hakuna aliyeumia.


Ijumaa, 8 Machi

Nimelipata pazia. Ni lile la bitana nzito alilolipia daktari wa meno kwa ajili ya chumba chake cha wagonjwa, la kufungwa Jumatatu. Nitalirudisha Jumapili bila hata mkunjo. Nimeliazima tu, na kuazima bila kusema si kuiba, ni kuharakisha.

Fundi Uzi alinikuta mlango wa nyuma na bomba la pazia begani. Akauliza linakwenda wapi. Nikasema kutengenezwa. Akasema ni jipya. Nikasema ndiyo maana.

Aliniangalia muda mrefu. Sipendi anavyoangalia. Anaangalia mtu kama anatafuta pindo.


Jumamosi, 9 Machi, mchana

Pazia limesimama. Limependeza, nikisema kweli. Nimejaribu televisheni mbili kwa pamoja. Ukisimama katikati unasikia vurugu tupu, lakini visikilizio vinafanya kazi. Nilimvalisha mama mkwe, nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakugeuka.

Mke wangu amekataa kushiriki. Amechukua kigoda, amekiweka kwenye mlango wa jikoni, na bakuli la karanga. Pale pazia linaishia kabla ya ukuta. Ataona pande zote mbili. Nikamwambia si vizuri kucheka matatizo ya mume. Akasema bado hajacheka.

Nimebadilisha shati. La pili nalo limelowa jasho.


Jumapili, 10 Machi

Niandike kwa utaratibu, labda nitaona ilipotokea.

Wageni walifika mapema. Bosi alivaa vizuri kama anakwenda harusini, na tangu asubuhi alikuwa ameshampigia binti yake simu mara tano. Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa Bosi, si kwa mzazi. Aliomba akae karibu na televisheni. Akauliza kwa kunong'ona mama anaendeleaje na macho. Nikanong'ona kwamba leo afadhali.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Washiriki wawili waliimba, majaji wakalia, wenzangu wakalia, mimi nikajifuta macho makavu. Nilichungulia nyuma ya pazia: mama mkwe ametulia, visikilizio masikioni, rimoti kifuani.

Kisha binti wa Bosi akapanda jukwaani. Wakati huo huo, chaneli ya tano, shemeji yangu naye akasimama chini ya taa.

Jambo nililosahau ni hili. Mtu aliyezibwa masikio hajui sauti yake inafika wapi. Mama mkwe akaanza kumsaidia mwanawe kuimba. Wimbo wote, kuanzia mwanzo, kwa nguvu zote za mwanamke aliyelea watoto saba, na bila kugusa nota hata moja.

Bosi akageuka. Wote wakageuka. Nikasema ni maumivu ya macho, humjia jioni. Nyuma ya pazia mama mkwe akapaza sauti kwamba wakiizima hiyo taa atakwenda huko studio mwenyewe.

Nikaongeza sauti ya televisheni. Nilibonyeza kitufe cha pembeni. Picha ikabaki, sauti ikatoweka kabisa. Kwa hiyo binti wa Bosi alifungua mdomo kwenye nusu fainali, na sauti iliyotoka sebuleni kwangu ilikuwa ya mama mkwe.

Hakuna aliyecheka, isipokuwa huko mlango wa jikoni.

Majaji wakainua vibao vyao. Wakatangaza kura. Hatukuhitaji sauti. Majaji walipoanza kumkumbatia mmoja baada ya mwingine, Bosi akajua. Akavuta mtandio akafunika uso. Mabega tu ndiyo yaliyomtikisika. Nilitaka kusema kitu. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya kusifia.

Fundi Uzi ndiye aliyenyanyuka. Nilidhani anaondoka. Alikwenda moja kwa moja kwenye pazia, akalishika, akalipapasa bitana kwa vidole viwili, akasema polepole, "Hili ni la daktari wa meno." Akalivuta. Lote, mpaka mwisho. Pete zilipita kwenye bomba bila kukwama, maana nilizifunga vizuri.

Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya kochi. Akaona chumba kizima cha watu kinamtazama. Akavua visikilizio, akashuka taratibu, akapanga kanga yake. Akauliza kama kuhesabu vitambaa kumekwisha. Kisha akamwona Bosi.

"Huyu dada analia nini?"

Bosi akafunua uso. "Mwanangu ametolewa," akasema. "Alikuwa anaimba."

Mama mkwe akatazama televisheni ya kinyozi, yule msichana bado anakumbatiwa bila sauti. Akatazama televisheni yetu, mwanawe bado yuko chini ya taa, taa bado inawaka. Akakaa kwenye kochi akapiga mkono pembeni yake.

"Wangu bado yumo. Njoo tumwangalie pamoja."

Bosi akaenda. Wakakaa wameshikana mikono. Shemeji akavuka kwenda fainali, na Bosi, ambaye Jumanne alisema Pumzi Moja ni ya waliochapwa, alipiga makofi kuliko wote. Akamwambia mama mkwe kijana ana pumzi, ila majaji hawana adabu. Mama mkwe akasema ni kweli, laiti angepata wale wanaolia. Walichambua mashindano yote mawili mpaka chai ikapoa. Mke wangu, aliyeyaona yote mawili mwanzo mwisho, aliitwa kuamua. Akasema waimbaji wako sawa, tatizo ni wanaume wanaoangalia.

Nikadhani nimepona.

Ndipo Bosi akauliza kwa upole, "Mama, na macho sasa?"

"Macho yangu yana nini?"

Wote wawili wakanigeukia. Kila mmoja akataja niliyomwambia. Ilichukua muda.


Jumatatu, 11 Machi

Pazia limerudi dukani. Lina alama ya karanga kwenye pindo. Daktari wa meno atalipata kesho, likishafuliwa. Kinyozi hajui bado kuhusu kitufe. Napita njia ya nyuma.

Mama mkwe hasemi nami. Anasema na mke wangu kuhusu mimi, nikiwa nimekaa pale pale. Bosi amempigia simu mara mbili tangu asubuhi. Fainali wataangalia kwa Bosi. Sijaalikwa.

Usimamizi wa duka la pili amepewa Fundi Uzi. Bosi aliniita stoo, akanieleza bila hasira, na hiyo iliniuma zaidi kuliko hasira. Alisema hakuwa na haja ya mtu wa kulia naye. Watu wa kulia wapo wengi, chaneli ya pili inao watatu. Alihitaji mtu wa kumwambia mapema kwamba nyimbo anazochagua binti ziko juu mno, naye Fundi Uzi alimwambia, na yeye Bosi akakasirika na hakumwambia binti yake abadilishe. "Hilo ndilo linalonikera," akasema. "Wewe ulinipa nilichotaka kusikia."

Nimelifikiria hilo kutwa nzima. Nadhani maana yake ni kwamba pazia lilikuwa fupi. Lingefika mpaka mlango wa jikoni, sauti isingepita.

Nilimpongeza Fundi Uzi. Akanishika bega akasema hana kinyongo, nitapata siku yangu. Ni mtu mwema, kumbe. Nitahitaji kuwa naye karibu.


Jumatano, 13 Machi

Leo nimelala vizuri na nimekula.

Asubuhi nilikutana na mwenye nyumba ngazini. Mtu mzima, mkali, hacheki na mpangaji. Leo alikuwa anatabasamu. Mjukuu wake amechaguliwa kwenye shindano jipya la waimbaji watoto, linaanza Jumapili saa kumi, chaneli ya pili. Akaniuliza kama nimesikia. Alikuwa ananitazama kwa hamu, mzee wa watu. Nikasema si kusikia tu, familia nzima tunalisubiri.

Mchana Fundi Uzi aliniita kwenye chumba chake cha kukatia. Akafunga mlango. Hajamwambia mtu bado, lakini binti yake mdogo ataimba kwenye televisheni. Shindano la watoto. Chaneli ya tano. Jumapili, saa kumi. Akasema anatafuta mahali pa kuangalia na watu wanaolipenda kweli, maana kwake umeme ni wa mashaka.

Nilimtazama msimamizi mpya wa duka la pili. Nilimwambia sebule yetu ni ndefu.