Mwongozo wa Matusi ya Asubuhi

Kwa fahari kubwa, kituo chetu cha redio kiliutangazia umma kuundwa kwa Kamati ya Kuratibu Matusi ya Asubuhi, mimi nikiwa mwenyekiti. Mdhamini wetu, kampuni ya sabuni ya unga, ndiye aliyeagiza. Kwa miaka minne kampuni hiyo ilimpenda sana mtangazaji wetu Upupu, hodari wa kutukana watu kabla hawajanywa chai.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Upupu alisema hewani kwamba wanawake wanaofua nguo za watu hunuka jasho la mtaa mzima. Kesho yake dobi mmoja alikuja mapokezi, akakaa kwenye benchi, akakataa soda.

"Mama, una shida gani?" nikamuuliza.

"Binti yangu hataki kwenda shule. Wenzake wakimwona wanaziba pua. Namtaka huyo Upupu aniombe radhi, na iwe redioni."

Nilimfafanulia kwamba tusi ni huduma kwa msikilizaji. Akaondoka, akaongea na madobi wenzake, wote wakaacha sabuni ya mdhamini. Wiki ya pili, mkurugenzi wa kampuni akagundua, kwa uchungu wa dhati, kwamba utu wa mwanamke ni jambo nyeti.

Kamati ikakaa siku tatu, mkurugenzi akiwemo, ikapitisha mwongozo: ni marufuku kumtukana mtu yeyote anayenunua sabuni. Upupu, jitu la miraba minne, nusura alie.

"Bosi, sasa nimtukane nani? Makondakta?"

"Wananunua."

"Walevi?"

"Wake zao wananunua."

"Wachawi?"

Mkurugenzi akapekua makabrasha. "Hatuna takwimu. Tuwaheshimu kwa sasa."

Dobi akaitwa studio. Upupu akamwomba radhi mbele ya kipaza sauti, jasho likimtiririka. Yule mama akaipokea. Binti akarudi shule wiki ileile, na hapo mambo yangeisha salama kama Upupu asingeuliza palepale hewani, "Mama, wewe unaijua sabuni kuliko sisi. Hivi kuna mtu asiyeinunua?"

"Wapo. Huyo mwenyekiti wenu hapo dirishani. Shati alilovaa nalifua mimi mwaka wa sita huu, na sabuni nanunua mimi. Juzi kaniuliza shida yangu kama hajawahi kuniona. Na mkurugenzi naye vilevile. Soksi zake nawaombeeni msizione."

Uso wa Upupu ukang'aa kama wa mtoto aliyepewa pipi. Mwongozo ulikuwa na sahihi yangu.

Kuanzia kesho yake alitutukana sisi wawili tu, kwa mujibu wa kanuni. Wasikilizaji wakaongezeka maradufu, madobi wakarudi kununua. Tulipokimbilia dukani kujinusuru, Upupu akatangaza kwamba sabuni ya kuweka kabatini haihesabiki. Mtu lazima aonekane anafua.

Ndiyo maana Jumamosi moja, saa nne asubuhi, mkurugenzi na mimi tulikuwa tumechuchumaa uani kwa kituo, kila mtu na beseni lake, watu wamejaa ukutani wakichungulia. Mkurugenzi alisugua kola moja, akasugua ya pili, akasimama ghafla akitazama viganja vyake vyekundu.

"Mwenyekiti! Sabuni hii inachubua ngozi! Ni mshenzi gani anayeitengeneza?"

"Ni wewe, mheshimiwa."