Kamati ya Kutetea Jua

Jumatatu, 4 Agosti

Leo mtaa mzima umeshinda shingo juu. Halmashauri imebandika picha kubwa kwenye ukuta wa posta ya zamani, ng'ambo ya barabara yetu. Jengo la ghorofa hamsini, vioo kutoka chini hadi juu! Litasimama pale uwanjani, kwenye tangi bovu la maji. Wananchi tunaombwa maoni. Jumamosi kuna mkutano.

Maoni! Mji huu haujawahi kupungukiwa na hicho kitu. Mwalimu mstaafu alisema linafanana na chupa ya dawa ya kikohozi. Jirani wa ghorofa ya pili alisema wafanyakazi wa humo watamwona akipika, tena watajua siku ambazo hana mboga. Kinyozi, ambaye duka lake liko chini ya nyumba yetu na mdomo wake uko kila mahali, alisema hatimaye mji utapata kioo cha kujitazama.

 Mimi nilikuwa nahesabu madirisha. Hesabu ilinipotea mapema, lakini ujumbe niliupata. Vioo vyote vile lazima vioshwe. Na ni nani mtaani hapa anayeishi kwa kutakatisha vitu? Mimi, dobi. Kioo ni nini, kama si shuka lililokakamaa?

Nimeandika bango: DOBI ANAUNGA MKONO JENGO. Mke wangu aliuliza nitasimama juu ya nini huko juu, ilhali hata kwenye paa letu la ghorofa tatu tu huanika nguo nikiwa nimeupa ukingo mgongo kwa kuogopa kimo. Nikamjibu kwamba mambo madogo madogo yatafuata. Akalitazama dirisha letu wenyewe, ambalo halijaonja maji tangu tuhamie hapa, akaendelea kupiga pasi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda ukumbi wa halmashauri kuona mfano wa jengo. Suruali nimeipiga pasi mara mbili. Msanifu wa jengo ni dada kijana, mpole, taa ndogo ya mezani mkononi. Nikajitambulisha kuwa mtaalamu wa usafi wa vitu virefu. Alifurahi kunifahamu. Akasema madirisha yataoshwa na mashine.

Mashine! Kazi yangu imekufa kabla haijazaliwa. Mbaya zaidi, kinyozi alikuwa pale pale, aproni yake ina nywele za watu, akiomba chumba cha duka katika jengo jipya. Amejitambulisha kama mshauri wa mwonekano. Msanifu akacheka. Kwangu hakucheka.

Kisha ikaja balaa. Msanifu alihamisha taa kuonyesha jua la mchana litakavyopita. Kivuli cha jengo kikalala mezani, kikavuka barabara, kikapanda juu ya kijumba cha ukubwa wa kiberiti. Nikauliza kile ni nini. Akasoma jina la mtaa wetu. Ni paa letu! Tukishamaliza tu chakula cha mchana, giza. Nikamwomba asogeze taa kidogo. Akasema kwa upole kwamba ile taa ni jua. Akaanza kueleza jambo jingine, lakini mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Naandika haya nikiwa na hofu ya kweli. Lile paa ndilo kiwanda chetu. Kamba za kuanikia alizifunga mama mkwe kwa mikono yake enzi zake za udobi, na siku niliyomwoa binti yake alinikabidhi kikapu cha vibanio mbele ya ukoo wote. Hadi leo hukaa pale juu kwenye kiti chake, anagusa nguo kwa vidole na kutangaza ipi iko tayari. Jua likiondoka, nguo hazikauki. Nguo zisipokauka, sisi si madobi tena, ni watu wenye ndoo. Nitamwambiaje?

Jumatano, 6 Agosti

Sijamwambia. Bango nimeligeuza upande wa pili. Sasa linasema: KAMATI YA KUTETEA JUA. Mwenyekiti, mimi. Katibu, mke wangu, aliyepata habari za uteuzi wake kwa kusoma bango.

Nimepita mlango hadi mlango kutafuta wanachama. Muuza mkate: jengo litaleta watu, na watu hula. Dereva wa teksi: hatapotea tena, maana jengo ataliona kutoka popote. Fundi viatu aliuliza tu ujenzi utaanza lini, kwa sababu wajenzi humaliza soli. Jirani wa ghorofa ya pili alikuwa wangu kabisa, mpaka alipogundua kwamba na yeye ataweza kuwaona wao. Sasa ameanza kulisubiri jengo kwa hamu.

Mwalimu mstaafu angejiunga, ila alitaka kwanza shuka lake jeupe aliloleta wiki iliyopita. Nikamwambia halijakauka. Si kweli. Nimelisahau kwenye ndoo.

Kinyozi ndiye aliyenichefua. Ananyoa watu huku akiwatia maneno. Mtu mwenye wembe shingoni atapinga nini? Wanatoka pale wamependeza na wote wanalitaka jengo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata wazo! Ni zuri mpaka limeninyima chakula.

Watu hawawezi kutishwa na kivuli cha taa ya mezani. Wapewe kivuli chenyewe! Pale uwanjani lile tangi bovu limesimama juu ya miguu yake ya chuma, refu kuliko nyumba yetu. Tutaunganisha mashuka ya wateja kwa uzi, tuyashushe kutoka tangini mpaka chini, na mkutano ukianza umati wote uonje giza linalokuja. Watalililia jua lao. Kinyozi atabaki mdomo wazi, na safari hii bila sauti.

Mke wangu alikuwa na maswali mawili. La kwanza, nani atapanda tangi. Nikamtazama. La pili, mkutano ni wa asubuhi, sasa kivuli kitaangukia upande gani. Nikamwambia kazi ya katibu ni kuandika, si kuuliza.

Ijumaa, 8 Agosti

Kushona siku nzima. Vidole vimekuwa chujio.

Hapa lazima nijisifu kidogo. Nilikusudia kuyatundika mashuka yalivyo, tena yakiwa machafu ndiyo vizuri, yatishe. Nikayatazama. Makunyanzi. Doa la chai. Nikajaribu kupuuza nikashindwa. Mimi ni dobi! Nitundike kitu kama kile mbele ya mji mzima? Nikayafua yote upya. Nikayatia bluu kidogo, yakawa meupe ya kuumiza macho. Nikayatia wanga, yakakakamaa. Nikayapiga pasi ya moto mpaka yakang'aa.

Mama mkwe akauliza ni harusi ya nani. Nikasema ni oda kubwa. Akapitisha kidole juu ya shuka moja, taratibu, akasema sijawahi kufua vizuri namna hii. Nilikwenda kusimama nyuma ya pipa kwa muda. Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza ananisifu, na ni siku ambayo nimemdanganya.

Jumamosi, 9 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Mke wangu alipanda tangi kama anayepanda ngazi za nyumbani, mashuka mgongoni. Mimi niliongoza kutoka chini, macho nimefumba. Umati ulikuwa umejaa upande wa pili wa uwanja, jua kali tayari, watu wanajipepea kwa kila walichonacho. Mwenyekiti wa mkutano akafungua. Nikapiga mluzi. Mke wangu akaachia. Mashuka yakaporomoka kwa mlio wa karatasi mpya, kutoka tangini mpaka karibu na ardhi.

 Halafu watu wakaguna kwa raha.

Yaliwaka! Bluu yangu, wanga wangu, pasi yangu! Jua la asubuhi liliyapiga yakamelemeta kama kioo. Waliolizunguka tangi kuyaona kwa upande wa jua wakarudi kuwaita wenzao. Mmoja nyuma yangu alisema kama jengo litakuwa hivi, waanze hata kesho. Nikapaza sauti: tazameni kivuli! Wakakitafuta. Kilikuwa kimewaangukia wao, pale pale walipokuwa wakiungua tangu asubuhi. Kina mama wakakunja miavuli. Muuza mkate akahamishia meza yake humo. Mwenyekiti wa mkutano akavuta kiti kivulini, akashusha pumzi, akasema mchango wa namna hii ndio unaojenga mji.

Kinyozi akanyakua kipaza sauti. "Ndugu zangu, tulikuwa tunabishana kwa picha," akasema. "Jirani yetu dobi ametuletea jengo lenyewe."

Makofi. Watu wakanipigapiga mgongoni. Nilitaka kukana. Lakini tuseme ukweli, makofi ni makofi. Nikainama kidogo.

Nilipoinuka, mwalimu mstaafu alikuwa amevaa miwani na kushika pembe ya shuka la chini kabisa. Kila shuka hulitia alama ya uzi mwekundu, kila mteja na alama yake. Ya kwake ni nyota. Akauliza, kwa ile sauti yake ya darasani, kama hili linaloning'inia juani ndilo lile ambalo halijakauka. Jirani wa ghorofa ya pili akatambua lake, la tatu kutoka chini. Hapo ndipo kila mtu akaanza kutazama. Mkutano ulipofungwa, wateja wangu walikuwa wamepanga foleni chini ya tangi, kila mmoja akisubiri ghorofa yake ishushwe.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefumua nyuzi tangu asubuhi. Kamati imevunjika. Katibu amejiuzulu. Wateja wamechukua mashuka yao isipokuwa mwalimu mstaafu, ambaye amenirudishia lake kwa sababu lilikanyagwa kwenye foleni. Amesema analitaka upesi. Nimeapa.

Jioni nilipanda juu nikamweleza mama mkwe kila kitu. Kivuli, paa, mwisho wa mchana wetu. Nilisema nimejaribu kuzilinda kamba zake na nimeshindwa. 

Hakunigombeza. Alikunja foronya mbili, polepole. Kisha akasema kwamba jana asubuhi kulikuwa na mwanga mwingi pale juu hadi akahamisha kiti chake. Nikadhani hakunisikia vizuri. Nikaenda kulala.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilipomwona msanifu anapanda ngazi zetu nilijua nimeshitakiwa. Nikajificha nyuma ya blanketi la mteja. Miguu yangu ilionekana.

Kumbe alikuwa ananitafuta tangu Jumanne. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema mimi niliondoka ukumbini kabla hajafika kwenye asubuhi. Asubuhi ipi? Ya jua, akasema. Asubuhi jua linatoka nyuma ya nyumba yetu, litapiga vile vioo na kurudi hapa hapa kwenye paa. Mashuka yangu yalifanya hivyo hivyo Jumamosi. Aliona mwanga umejaa kwenye ukuta wetu, akapiga picha, akawapelekea halmashauri. Hapo tu ndipo walipokubali kwamba juu ya paa hili kuna watu wanaofanya kazi.

"Jua lenu la mchana litapungua, sitawaficha," alisema. "Nimeomba jengo lisogezwe nyuma, jua libaki nanyi mpaka alasiri. Lakini la asubuhi litawajia mara mbili."

  Mama mkwe akainuka, akashika kamba ya kwanza, ile aliyoifunga kabla mke wangu hajazaliwa, akaivuta kidogo kupima kama bado ina nguvu.

"Haya, baba, tuzigeuze ziangalie kule," akaniambia. "Na uache kulia, utaniloweshea nguo za watu."

Nilisema ni sabuni. Nilijikaza kisabuni kweli, lakini haikusaidia. Mke wangu alinipa foronya ya kufutia macho, kisha akakumbuka ni ya nani akaninyang'anya.

Ijumaa, 15 Agosti

Jengo limepitishwa! Litasogezwa nyuma, imeandikwa kwenye picha mpya. Kinyozi ameahidiwa chumba chake, na leo amenikata nywele huku akimweleza kila mteja kwamba lile la mashuka tulilipanga pamoja. Nilikuwa na wembe shingoni. Nikakubali.

Kamba zote tumezigeuza. Mama mkwe ameketi upande mpya, anasema upepo wa huku ni mzuri kuliko wa kule. Nina furaha ambayo sikuitegemea. Mke wangu amesema anatumaini sasa nimejifunza: kusikiliza watu mpaka mwisho, kuangalia jua liko wapi, na kuacha mali za wateja. Nimekubali yote. Nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Halafu, nikiwa nafunga kamba ya mwisho, macho yakaniangukia kwenye ile picha. Vioo kutoka chini hadi juu! Watu wote wale ndani, wazi, wanakula, wanasinzia mezani, na jirani wa ghorofa ya pili dirishani kwake anawatazama. Haitapita wiki watataka mapazia. Ghorofa hamsini za mapazia! Na mashine ya kuosha kioo haiwezi kufua pazia, hilo nimelifikiria kwa kina.

Bango nimeshaliandika upya. Sampuli nimeshaishona, ina marinda, inaning'inia vizuri ajabu. Ilihitaji kitambaa cheupe chenye wanga, na bahati nzuri kimoja kilikuwapo.

Mwalimu mstaafu amepita sasa hivi kuulizia shuka lake. Nimemwambia halijakauka.