Jua la Oldonyo Sambu

Jumatano, 9 Julai 2025
Wingu tena. Tangu chumbani kwangu Elerai mpaka chuoni, mlima hauonekani. Unga wangu uko tayari: mweusi, laini, ukisogezewa sumaku unasimama kama nywele. Ukipigwa na mwanga unatakiwa kutafuna rangi ya buluu iliyo ndani ya maji. Maabarani umegoma. Nimelaumu taa. Jumatatu msimamizi wetu, Dk. Ludovick, anachagua nani aende Dodoma kuwasilisha utafiti, mimi au mwenzangu wa maabara, Nashipae. Nashipae ana matokeo. Ana marafiki pia. Nimekula wali peke yangu, nikiangalia chupa.

Ijumaa, 11 Julai
Nimepata! Kaskazini ya mlima hakuna wingu, jua linawaka tu. Na kwao Nashipae ni huko, Oldonyo Sambu. Mwaka mzima amenikaribisha, mwaka mzima nimesema nina kazi. Leo nikamwambia nimewakumbuka wazazi wake. Siwajui. Alifurahi mno, nikakosa pa kuangalia.

Jumamosi, 12 Julai
Jua! Nikamwamkia mama yake Nashipae shikamoo, nikaenda moja kwa moja kupanga chupa za maji ya buluu na unga kwenye benchi nje ya zizi. Wamechinja mbuzi. Kwa ajili yangu! Mama akauliza jioni huwa nakula na nani. Nikamweleza kuhusu sumaku. Akanishika mkono, hakuuachia hadi chai ilipoisha. Wa kushoto, bahati nzuri. Wa kulia ulikuwa unatikisa chupa.

Alasiri maji yote meupe! Nikaruka. Ndipo Nashipae akanionyesha chupa ya pembeni, aliyoiweka yeye, bila unga. Nyeupe vilevile.

“Dada, jua ndilo limefanya kazi,” alisema. “Unga wako umekaa tu, kama mgeni.”

“Mgeni angalau anakula,” mama yake akasema. “Huyu nyama yake imepoa.”

Walicheka. Nami nikacheka, nikachelewa kidogo.

Jumatatu, 14 Julai
Nashipae anakwenda Dodoma. Alikuja mezani kwangu, nikajifanya napima kitu. Mizani ilikuwa imezimwa. Akaniambia mama yake anauliza nitarudi lini.

“Njoo Jumapili, tule,” Nashipae alisema. “Ila chupa uziache.”

Nilikubali kabla hajamaliza. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniulizia.

Jioni nimeshona mfuko ndani ya koti. Unachukua chupa nne, na hazigongani.