Mkaja Wafunguliwa Kliniki

Leo nimeaibika, shoga zangu, na hasira ninazo mpaka sasa.

Nimetimiza arobaini tangu nimzae Saidi. Siku arobaini za uji wa pilipili manga, kukandwa kwa maji ya moto (ya kunyonyolea kuku!) na kufungwa mkaja tumboni. Mama mkwe huufunga mwenyewe kila alfajiri, goti mgongoni mwangu, anavuta kama anafunga robota la katani. "Tumbo lirudi!" Halirudi.

Asubuhi tukatoka Ngamiani kwenda kliniki, mtoto apimwe uzito. Nina kanga mpya, najiona bibi harusi. Mlangoni Saidi akaanza kupiga chafya kwa harufu ya dawa, mama mkwe akabaki naye barazani. Nikaingia peke yangu.

Nesi mmoja kijana akanitazama tumboni.

"Wajawazito benchi la kushoto."

"Mimi nimeshazaa."

"Hongera. Na huyu wa pili ana miezi mingapi?"

Mabenchi yote mawili yakageuka. "Hamna wa pili! Hili ni tumbo tu!"

Akatabasamu, kama anayemsikiliza mwongo mzoefu. Akanipeleka nyuma ya pazia, akachukua kile kipembe chao cha kusikilizia mtoto tumboni. "Nguo hii inambana mwanao," akasema. Akashika ncha ya mkaja, akavuta.

Jamani! Mkaja ule ni mapande mawili ya kitambaa cha marekani yaliyoungwa. Nikazunguka kama pia. Mzunguko wa tano ukanitoa nje ya pazia, nikasimama katikati ya wanawake wote, kanga nimeikumbatia kifuani, tumbo limemwagika kama donge la maandazi lililoumuka.

Na hapo hapo Saidi akalia barazani. Maziwa yakachuruzika mpaka sakafuni!

Nesi akayatazama. "Kumbe kweli umezaa."

(Kumbe!)

Mama mkwe akaingia mbio na mtoto. Mnadhani alinifunika? "Nani kaufungua mkaja wangu?" (Wake!)

"Bibi, umembana mno, hata pumzi hapati," nesi akamjibu. "Tumbo limekua miezi tisa. Lipe muda, litarudi lenyewe."

Mama mkwe hajasema neno tangu saa nne. Hiyo ndiyo faida niliyopata, na Saidi uzito wake mzuri, alhamdulillahi.

Sasa asinicheke mtu. Hasa nyinyi ambao hamjazaa: zamu yenu yaja.