Hotuba ya Mahafali na Mbuzi wa Koko Naisenya

Jumatatu, 3 Novemba

Nimenyang'anywa hotuba. Na hata sijaitoa bado.

Mkuu wa chuo, Madam Selpha, ametuita leo sisi wa mwaka wa mwisho akasema mambo yamebadilika. Kila mwaka hotuba ya wahitimu hutolewa na rais wa wanafunzi. Rais wa wanafunzi ni mimi, Kahiga, Prezo, miaka miwili sasa. Mwaka huu, amesema, atakayehutubia atachaguliwa na wananchi tutakaowatumikia kwenye Wiki ya Huduma. Tunaenda nje kidogo ya mji wa Kajiado kujenga birika la kunyweshea ng'ombe. Kamati ya maji ya huko ndiyo itasema nani anafaa. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele.

Shida ni Mama. Mama anauza vitunguu soko la Kitengela na ameshawaambia wateja wote, kanisa lote na mwenye nyumba kwamba kijana wake atasimama mbele ya mgeni rasmi. Mashangazi wanakuja kutoka Embulbul. Vitenge vya kufanana vimeshashonwa.

Shida ya pili ni Soila, katibu wangu kwenye baraza la wanafunzi. Tumefanya kazi pamoja vizuri sana. Yeye aliandika barua, akaitisha mikutano, akapigania maji ya hosteli mpaka yakarudi, akapeleka wagonjwa hospitali. Mimi niliongoza.

Na kuna ya tatu, hii siwezi kumwambia mtu. Baada ya mahafali hakuna atakayeniita Prezo. Nitakuwa Kahiga tu, wa Mama Vitunguu, na cheti ndani ya bahasha. Hiyo kitu inanitisha kuliko mtihani wowote. Angalau nitoe hotuba moja watu wanikumbuke.

Lazima niishinde hiyo kamati.

Jumanne, 4 Novemba

Tumefika. Mpango wa kwanza: kuonekana.

Nimevaa kofia ya mjengo na ile jaketi ya kung'aa niliyoandikisha PREZO mgongoni. Rafiki yangu Mulei ndiye mpiga picha. Nilibeba jiwe. Mulei akasema nimefunga macho. Nikalirudisha, nikalibeba upya. Akasema kidole chake kimeziba kamera. Nikalibeba tena. Kufikia saa ya chai nilikuwa nimechoka kabisa na jiwe lilikuwa palepale. Soila na kikundi chake walikuwa wamemaliza kuchimba msingi.

Halafu ng'ombe wakaja.

Sijui nitaandikaje hii. Mimi ni mtoto wa Kitengela, ng'ombe nimeona, wanasimamisha hata malori barabarani. Lakini hawa walitokea kila upande, vumbi mpaka juu, wakasimama mbali na kisima. Hakuna aliyesukumana. Mchungaji mmoja akapiga mluzi, na kutoka kwa ule umati wote ng'ombe wake peke yao wakajitoa, wakanywa, wakaondoka. Mwingine akapiga mluzi wake. Wake wakaja. Wale wengine wakabaki wamesimama wakingoja, na kiu yote ile. Nilibaki mdomo wazi. Miaka miwili nimeongoza wanafunzi na sijawahi kuwapanga foleni ya chapati.

Mulei aliuliza kama apige picha. Nilikuwa nimesahau kwamba niko na uso.

Jumatano, 5 Novemba

Nimejua mwenye nguvu ni nani. Ni Koko Naisenya, mwenyekiti wa kamati ya maji. Koko kwa lugha ya huku ni bibi, vile sisi kwetu tunasema cucu. Mama mzee, mrefu, shanga mpaka kifuani, simu mbili na zote zinalia. Akisema ndiyo, kamati imesema ndiyo.

Mpango wa pili: adabu. Nilimuuliza Leshan, mwanafunzi mwenzetu ambaye ni wa huku, wazee wanasalimiwa vipi. Akaniambia mdogo anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa utosini. Rahisi. Niliondoka kabla hajamaliza kueleza. Boma lilijaa watu. Nikamwinamia mzee mmoja, akanigusa. Nikamwinamia mama. Na mama mwingine. Nilikuwa nimeshika mwendo sasa, nikamwinamia kila aliyekuwa mbele yangu, na mmoja wao alikuwa msichana wa darasa la nne. Aliniangalia kwa huruma, akanigusa kichwa polepole kama pasta. Boma lote likacheka. Koko Naisenya alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini alinipenda! Aliingia zizini akatoka na mbuzi mweupe mwenye sikio moja la kahawia, jike, bado mchanga. Akanipa kamba. Leshan akatafsiri. Huyu mbuzi ni wako. Kuanzia leo wewe na Koko mtaitana Pakine, watu waliopeana mbuzi. Yeye hatakuita Kahiga, na wewe hutamwita Koko. Ni urafiki wa maisha, akasema, na mbuzi ni wa kufuga, azae, uzao wake uwakumbushe. Nikasema sawa, sawa, asante.

Nilikuwa nafikiria kura.

Alhamisi, 6 Novemba

Mpango wa tatu. Mungu wangu.

Kwetu, mtu akipata mbuzi wakati wa kura, anajua kazi yake. Koko alikuwa ameenda Namanga kumwona binti yake. Basi nikaalika kamati iliyobaki. Mulei alichinja, akachoma, na kachumbari nikakata mwenyewe kwa vitunguu vya Mama. Wazee walikula wakafurahi. Mzee Lesiamon, makamu wa Koko, akaniambia kijana uko na mkono wazi, watu kama wewe ndio tunataka. Nikaona hotuba hii hapa, iko mfukoni. Kisha akauliza, kwa upole tu, nyama tamu hivi nimeitoa wapi. Nikajibu kifua mbele kwamba ni ile mbuzi nilipewa na Koko.

Akaacha kutafuna. Wote wakaacha. Mzee Lesiamon akaweka ubavu wake chini juu ya majani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Leshan alinivuta kando akanieleza upya ile sehemu sikusikiliza. Akasema nimechukua urafiki wenyewe nikawawekea watu na kachumbari.

Soila alipita na wilbaro ya simiti. Hakusema kitu. Angesema, ningepata mtu wa kukasirikia.

Ijumaa, 7 Novemba

Mpango wa nne. Koko anarudi kesho.

Nimeenda soko la mifugo na pesa niliyoweka ya suti ya mahafali. Nimepata mbuzi mweupe, jike, mchanga, umbo lile lile. Shida ni masikio, yote meupe. Mulei akatoa rangi ya viatu, ya kahawia. Tumepaka mara mbili. Ukisimama mbali huwezi kujua. Ukisimama karibu, ananuka kama askari siku ya gwaride.

Leo nitalala vizuri kidogo.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilimpeleka mbuzi kwa Koko asubuhi. Nikamwambia nimekuwa nikimtunza huyu mbuzi wetu, aone mwenyewe alivyonawiri. Koko alimtazama mbuzi. Akanitazama mimi. Mvua ikaanza.

Tulisimama pale, Koko, mimi na mbuzi. Sikio likaanza kuchuruzika. Tone la kahawia, lingine, kisha mstari mzima mpaka shingoni. Mbuzi akatikisa kichwa, rangi ikaruka ikanipata kwa shati. Nikaangalia upande mwingine. Koko pia akaangalia upande mwingine. Halafu akachomoa simu moja, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kubahatisha kwamba Mzee Lesiamon alimpigia Alhamisi kabla hata sijanawa mikono.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kuomba msamaha na sauti ikakatika. Huo haukuwa mpango, ilikatika tu. Nilimwambia nimeaibika, na sikuwa nimemwambia mtu hivyo tangu niwe kiongozi.

Koko akasema mbuzi hufa. Wanakufa na ukame, wanakufa na fisi, huyu amekufa na Kahiga. Jina halichinjwi. Kisha akachukua kamba kutoka mkononi mwangu. Akasema ukipewa mbuzi, siku moja nawe utatoa, na wengi huchukua miaka. Hajawahi kuona mtu mwenye haraka kama mimi. Huyu mwenye sikio la kuchuja ndiye wake sasa, na atazaa. Akaniita Pakine. Nikamwita Pakine. Tulikuwa tumelowa wote wawili na sikujali hata kidogo. Nilijiona mdogo sana, na bado kuna mtu amenishika mkono.

Sikuuliza habari ya kura. Ningeulizaje, wakati kama ule? Niliuliza kwenye chai.

Wamemchagua Soila. Hata Koko amemchagua Soila! Nikamuuliza Pakine anawezaje kumpigia mtu mwingine kura. Akasema Pakine ni Pakine na birika ni birika, na birika limejengwa na Soila. Tukatoka nje kulitazama. Walikuwa wamefungulia maji, yamejaa mpaka ukingoni, na ng'ombe wa kwanza anakunywa kwa sauti kubwa kabisa. Soila alikuwa amekaa chini kwenye matope, anamwangalia huyo ng'ombe, analia. Ningepiga picha ile, lakini nilihisi si yangu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemwambia Mama. Alikuwa anamenya vitunguu. Akasema mashangazi wameshatenga nauli. Halafu akafuta macho na kusema ni vitunguu. Nimemsaidia huyu mama kuuza vitunguu miaka mingi, najua havimtoi machozi.

Hii imeniuma kuliko kura.

Ijumaa, 14 Novemba

Mahafali.

Suti sina, lakini joho linafunika kila kitu. Lile shati la sikio nimelivaa ndani, halitoki doa.

Soila alisimama bila karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kuhesabu makosa. Akasema hatazungumza juu ya alichofanya. Akaomba asimame kila mtu ambaye kuna mwenzake alimbeba mpaka akafika pale. Wahitimu wakasimama. Wazazi wakasimama. Madam Selpha akasimama, mgeni rasmi akaangalia kushoto na kulia, naye akasimama. Hema zima limesimama, kimya, na upepo unapuliza majoho. Nywele zilinisimama. Mimi pia nilikuwa nimesimama. Nikageuka kumtafuta aliyenibeba mimi hiyo miaka miwili, nikamtafuta sana, kumbe ndiye ameshika maikrofoni.

Ilipofika zamu yangu ya kuitwa, kukasikika sauti kutoka nyuma ya hema: Pakine! Koko Naisenya, amevaa shanga zote alizonazo, na nusu ya kamati. Wakaimba. Si wimbo mrefu, lakini ulikuwa mzito, unauhisi kifuani kabla ya masikioni. Nilitembea jukwaani kama mtu anayetembea juu ya maji. Madam Selpha aliniuliza hilo ni jina gani. Nikamwonyesha Koko kwa kidole.

Mama alitaka kujua yule bibi ni nani na kwa nini anamwita mtoto wake hivyo. Nikamweleza, mbuzi wa kwanza, mbuzi wa pili, yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamvua shangazi mmoja kitenge chake cha mabegani, akaenda akamfunika Koko. Wamekaa pamoja mpaka jioni. Hakuna anayejua lugha ya mwenzake, Kiswahili chenyewe wote wanabahatisha, na hawakunyamaza hata dakika.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeamka si Prezo. Nyumba kimya. Mama ameniuliza kwa upole sasa nitaanzia wapi. Nilikaa kitandani nikiangalia ukuta. Simu ikalia. Ni Koko. Pakine, umekula? Nikasema bado. Akanigombeza, akakata. Ni hayo tu alikuwa anataka kujua. Nililia kidogo, sioni haya kuandika.

Nikafikiria sana baada ya hapo. Hilo jina haliishii kwenye mahafali. Halina uchaguzi. Mtu mmoja anatoa mnyama mmoja, na kuna mwenzake atakayemuuliza maisha yake yote kama amekula. Ni kitu kikubwa kuliko chochote nilichofundishwa chuoni. Nikabaki nimekaa tu, nikishangaa.

Halafu nikaona. Uchaguzi unakuja, na kiti cha wadi kiko wazi kwa kijana. Mbuzi ni ghali, lakini kuku si ghali. Kuku mmoja kwa kila mpiga kura, na wadi nzima ni marafiki zangu mpaka kufa! Nimempigia Leshan kumuuliza watu waliopeana kuku wanaitana nani. Amesema hakuna kitu kama hicho, akanisihi nisijaribu, akakata simu.

Network ya huko huwa mbaya. Mulei ameshaenda kuulizia bei ya vifaranga.