Gitaa la Kumwingiza Bibi Harusi

Jumapili, 4 Mei

Binti yangu mkubwa anaolewa Jumamosi ya tarehe 17. Leo baada ya chakula cha mchana alikaa karibu yangu, akaniomba nimwingize ukumbini. Nimshike mkono kutoka mlangoni hadi mbele. Tutembee wawili tu, alisema, taratibu. Machozi yalinilengalenga. Hapo hapo nikapata wazo.

Kumshika mtoto mkono! Baba gani hawezi hilo? Mimi nitampigia gitaa la umeme akiwa anaingia, tena gitaa nililolitengeneza mwenyewe. Nikatangaza mbele ya familia nzima. Mke wangu akauliza kama nimewahi kutengeneza gitaa. Nikamjibu kwamba hata aliyetengeneza la kwanza hakuwahi. Akaendelea kukusanya vyombo.

Binti akauliza, sasa nani atamshika mkono? Nikamwambia mjomba wake. Shemeji yangu huyo, mdogo wa mke wangu, hupiga gitaa kwenye bendi ya hoteli (la dukani!), na mwaka wa nane huu kila sherehe ya ukoo yeye yuko jukwaani, mimi napanga viti. Safari hii yeye atatembea, mimi nitapiga. Binti akasema sawa, baba. Alisema kwa sauti ndogo sana. Furaha, nadhani.

Jumatatu, 5 Mei

Leo mbao. Fundi seremala wa mtaani kwetu anayo ngumu, iliyokauka vizuri, lakini nisubiri hadi Alhamisi. Alhamisi! Nikarudi nyumbani nikaanza kukagua samani. Mlango wa kabati la vyombo: mbao safi ya zamani. Nikaung'oa. Mwembamba. Nikang'oa na wa pili, nikaigandisha pamoja kwa gundi, nikaanza na msumeno. Ilipofika saa kumi jioni ilikuwa na umbo la gitaa, ukiitazama kwa mbali.

Mke wangu aliporudi alisimama mbele ya sahani zake zilizobaki wazi. Nikamweleza faida: sasa hahangaiki kufungua wala kufunga. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui alikuwa anamsema nani.

Jumatano, 7 Mei

Shingo ya gitaa. Pale ndipo vinapokaa vile vyuma vyembamba unavyokanyagia nyuzi kwa vidole. Nilienda kwa shemeji kulitazama la kwake, kwa jicho la fundi. Kumbe ovyo! Nafasi kati ya chuma na chuma hazilingani. Juu ni pana, kadiri unavyoshuka zinabanana. Na watu wanayanunua!

Mimi nimesoma mita za maji mwaka wa ishirini na tatu sasa. Namba naziheshimu. Nikachukua rula: sentimita mbili na nusu, mbili na nusu, mbili na nusu, hadi mwisho. Misumari ishirini iliyokatwa vichwa, yote imenyooka. Nikaigandisha kwa gundi ya mabomba ya kazini, ambayo kopo lake linaapa kwamba haing'oki milele. Fundi seremala alipita, akauliza mbona shingo yangu haifanani na za wengine. Nikamwambia hilo ndilo kusudi. Akaondoka anatikisa kichwa. Wivu.

Ijumaa, 9 Mei

Fundi redio kanieleza siri ya gitaa la umeme: sumaku chini ya nyuzi, na juu ya sumaku uzungushe waya mwembamba wa shaba mara elfu saba. Kwa mkono. Sumaku nimetoa kwenye spika mbovu. Waya nimetoa kwenye feni ya sebuleni.

Nikiwa nimefika elfu nne mia mbili na kumi na mbili, mke wangu akaita kutoka jikoni kuuliza kwa nini feni haizunguki. Namba zote zikanitoka! Nikajibu kwamba umeme ni mdogo. Akasema mbona kwa jirani taa zinawaka. Nikaendelea kuhesabu kuanzia elfu nne, kwa kukadiria. Jasho lilinitoka kama nimemwagiwa maji. Joto la nyumba hii halivumiliki.

Jioni binti alikuja kufanya mazoezi ya kutembea na viatu vya harusi. Mjomba wake hakuwepo, akaniomba nisimame badala yake, mara moja tu, kutoka mlangoni hadi kwenye kochi. Mikono yote imejaa waya! Akasimama mama yake.

Jumanne, 13 Mei

Siku mbaya. Nitaiandika upesi.

Nyuzi zimefungwa. Fundi redio akaunganisha spika. Nikaupiga uzi wa juu bila kuukanyaga, ukalia vizuri kabisa! Nilimkumbatia fundi. Kisha nikakanyaga chuma cha kwanza. Nikakanyaga cha pili. Nikakanyaga vyote. Fundi redio akatazama sakafu.

Ilibidi nimwite shemeji. Mimi, nimwite yeye! Akaja, akajaribu, akauliza taratibu ni nani aliyepima. Akanieleza kwamba vyuma lazima visogeleane kadiri unavyoshuka, la sivyo gitaa haliwezi kuimba, hata likipigwa na malaika. Wala hakucheka. Angecheka ningepata nafuu. Akasema ataniazima la kwake. Halafu akasema, au afadhali zaidi, yeye apige, mimi nimshike mtoto mkono, kwa sababu mtoto anasononeka. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikamshukuru, nikamfungulia mlango.

Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa hadi miguu ikafa ganzi. Misumari haing'oki. Kopo halikudanganya.

Alhamisi, 15 Mei

Nimejikaza. Nimejaribu kila msumari kwenye kila uzi. Minne, kwa bahati, imeangukia karibu na mahali pake. Nimeitia alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Wimbo wa kuingilia una sauti saba. Ninazo nne. Hizo tatu wageni watajijazia wenyewe, si wimbo wanaujua?

Nimefanya mazoezi tangu asubuhi. Jirani wa mbele amefunga madirisha, na joto lote hili.

Ijumaa, 16 Mei

Nimelitazama kwa mbali leo na moyo ukaniuma. Lina tundu la ufunguo katikati ya tumbo. Upande mmoja lina bawaba. Haliwezi kusimama mbele ya watu hivi! Nikapaka vanishi. Haikutosha. Nikapaka tena, na tena, nzito. Likang'aa hadi nikajiona uso. Kopo linasema likaushwe siku tatu. Maneno ya kiwandani hayo, huko hakuna jua kama letu. Mke wangu akasema kupitia dirishani kwamba haraka haraka haina baraka, na suti yangu amekwisha kuinyoosha.

Jumamosi, 17 Mei

Nilisimama kando ya jukwaa nusu saa nzima, ndani ya suti, nimelikumbatia gitaa. Ukumbi umejaa. Milango ikafunguliwa. Binti yangu! Sikujua kwamba amekua kiasi kile. Alikuwa amemshika mkono mjomba wake, na macho yake yananitafuta mimi.

Nikapiga. Sauti ya kwanza nzuri. Ya pili, inavumilika. Ya tatu watu wakageuka. Ya nne watoto wakaziba masikio. Kisha ule waya wangu wa shaba ukanasa redio, na ukumbi mzima ukasikia kwamba kesho kutakuwa na manyunyu maeneo ya milimani.

Binti akasimama katikati ya njia. Akaachia mkono wa mjomba. Akaja hadi kwangu, akaninyooshea mkono, akasema kwa upole niache tu hilo, niende naye.

Nikataka kwenda. Naapa nilitaka. Gitaa halikutoka. Vanishi ilikuwa imeshikana na koti, na mkono wangu wa kulia umeganda kwenye ubao hadi kwenye kiwiko. Nikapiga hatua hivyo hivyo, waya wa spika ukanirudisha. Nikavuta, kitu kikachanika mgongoni. Binti alisubiri. Alisubiri muda mrefu, watu wote wakitutazama. Kisha akanifuta jasho kwa kiganja chake, akarudi kwa mjomba wake.

Nikawatazama migongo hadi mbele. Nililia, na sikuwa na mkono wa kufutia machozi. Nimekwisha.

Jumapili, 18 Mei

Mke wangu amenitoa kwenye suti kwa mkasi, uani. Alikata kwa uangalifu. Gitaa bado limevaa kifua cha koti, na vifungo viwili. Sijala. Sitaki kuona mtu. Baba mpumbavu kuliko mimi hajazaliwa.

Jumanne, 20 Mei

Binti alikuja leo na mumewe. Mume amepata kazi mji wa mbali, wanaondoka Jumapili kwa treni ya asubuhi. Hatutaonana mwaka mzima, pengine zaidi. Akanivuta kando. Akasema hana kinyongo, ana ombi moja tu: nimsindikize. Mume atatangulia na mizigo, sisi tutembee wawili kutoka lango la kituo hadi kwenye behewa, nimemshika mkono, kama alivyotaka siku ile. Nikalia tena. Nikamwahidi. Nikaapa mbele ya mama yake.

Alipoondoka nilienda kukipima kile kituo kwa hatua, nijue tutatembea muda gani. Hatua mia moja na arobaini. Na lile paa la bati! Nilipiga makofi mara moja tu, sauti ikazunguka juu na kurudi imenona. Ukumbi wa harusi haukuwa na paa kama lile. Soketi hakuna, lakini betri ya gari inatosha.

Makosa yangu nimeyaona wazi. Kwanza, vanishi. Safari hii sipaki hata tone. Pili, vyuma: sentimita mbili na nusu ilikuwa nyingi mno, nitaweka mbili kamili. Mlango wa chumba cha wageni ni mnene, mmoja tu unatosha, na nimekwisha kuulegeza skrubu.

Nimempelekea shemeji ujumbe awe kituoni Jumapili saa mbili kamili asubuhi, amevaa vizuri. Mtoto lazima ashikwe mkono na mtu.