Kwikwi Ile Ilikuwa Yangu

Mahongole,
Makambako.

Kwa Mhariri,
Jarida la Wanafunzi wa Utabibu,
Njombe.

Ndugu Mhariri,

YAH: KURUDISHIWA UGONJWA WANGU KABLA YA JUMAMOSI

"Jina la mgonjwa na taarifa zote zinazoweza kumtambulisha zimeondolewa ili kulinda heshima yake." Hayo ni maneno yenu wenyewe, yamechapwa kwa herufi za mlalo chini ya taarifa ya mgonjwa aliyeshikwa na kwikwi wiki nzima. Nimeyasoma nikiwa na miwani, nimeyasoma bila miwani, na kila mara nimeyakuta ni ya uongo. Mgonjwa huyo ni mimi. Na heshima yangu mnayodai kuilinda, hivi ninavyoandika inatembea mitaani hapa Mahongole imevaliwa na mtu mwingine.

Kabla sijashambulia, niwasifu. Binti Brightness, mwanafunzi wenu aliyeko mafunzoni katika kituo chetu cha afya, alinihoji vizuri na kuniandika vizuri. Ni kweli kwamba kwikwi ilinianza nikiwa kwenye kwaya, katikati ya ubeti wa pili, baada ya kula viazi vya moto kutoka Iwawa na kuvishushia pombe ya mianzi, ulanzi wa baridi. Ni kweli kwamba nilipoulizwa niliukana huo ulanzi, na ni kweli kwamba niliukubali mara mke wangu Telesia alipoingia chumbani. Nilipewa maji, sukari, sindano na ushauri, na kwikwi ikaendelea na kazi yake. Na ni kweli tupu, kama lilivyoandika jarida, kwamba "kwikwi ilikoma ghafla baada ya mgonjwa kuambiwa kuwa amekosea." Binti aliniambia tu, kwa adabu, kwamba ini la binadamu haliko upande wa kushoto. Nikafungua kinywa kumjibu. Nilimjibu kwa kirefu, nikamtajia na vitabu, na nilipomaliza, kwikwi haikuwepo. Tiba mpya ilizaliwa Mahongole, ndani ya mwili wangu, na dunia haijaambiwa mwili huo ni wa nani!

Malalamiko yangu ni haya.

1. Picha. Mmenibandika kipande cheusi machoni kama mwizi wa mbuzi anayepelekwa mahakamani. Kilichobaki ni tumbo na sweta. Sasa sweta lenyewe ni la rangi ya damu ya mzee, lenye kola nyeupe, na ni sare ya wanaume wote wa kwaya ya usharika wetu, maana baridi ya huku haiogopi joho. Mmeficha uso, ambao ni mmoja tu duniani, mkaacha sweta, ambalo mama Dorosela aliwafumia waimbaji wote kwa kipimo kimoja. Huko ndiko kuondoa taarifa za utambulisho? Mmeondoa mtu, mkaacha nguo.

2. Kornelio. Huyu ni jirani yangu. Anaimba sauti ya nne kama mimi, ana tumbo kama langu, na ana sweta. Picha ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kituo cha afya, alisimama mbele yake, akaitazama, akasema kwa ule upole wake unaokera, "Jamani, hata sikujua kama ningetokea vizuri hivi." Basi, ikawa. Watu wakampa pole, akazipokea. Wiki ile ya kwikwi yeye alikuwa Lupingu kwa binti yake, akila dagaa wa usipa wabichi kutoka ziwani, na alirudi mzima kama kengele. Nilipomkumbusha hadharani alinijibu, "Kwikwi nayo husafiri, kaka." Watu wakacheka, na waliyemcheka ni mimi.

Ningevumilia, Ndugu Mhariri, ingawa si kawaida yangu. Lakini Jumamosi hii tunachagua mwakilishi wa wananchi katika kamati ya kituo cha afya. Wagombea ni wawili: mimi na huyo. Nafasi hiyo nimeitafuta miaka mingi, na hotuba yangu iko tayari, ina choo cha wagonjwa, ina dawa zinazokwisha kabla ya foleni, ina uvivu wa kufikiri. Kornelio hana hotuba. Ana sentensi moja tu: "Mimi nimetoa mwili wangu kwa sayansi." Akiisema, wanapiga makofi. Kina mama wanampelekea maziwa. Telesia wangu, aliyelala kitanda kimoja na kwikwi ile na kuamshwa nayo, juzi nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mke wa Kornelio, "Poleni sana, mama Ema, na yale maradhi." Nilipomuuliza ana maana gani, alisema, "Ni adabu tu, baba. Na kwa kweli mwenzako anaugua bila makelele."

3. Ukimya wa mwanafunzi wenu. Nilimchukua Kornelio mpaka dirisha la kituo, nikamsimamisha kando yangu, nikamwambia Brightness, "Binti, haya. Sema ni yupi." Akatutazama wote wawili, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Shikamooni wazee wangu. Siwezi kuthibitisha wala kukanusha." Nikamwambia, "Lakini ni wewe uliyenibonyeza tumbo!" Akajibu, "Nimebonyeza matumbo mengi, mzee." Hapo Kornelio akadakia, "Mwacheni mtoto wa watu. Mimi alinibonyeza kwa huruma sana." Mkufunzi wake, Ndugu Dionis, alikuwa anapita na kikombe cha chai, akaniambia kwamba hayo ndiyo maadili ya utafiti. Maadili gani haya yanayomfunga mdomo anayejua na kumfungulia asiyejua?

4. Mwishoni mwa taarifa mmeandika kwamba utafiti una upungufu, kwa kuwa unahusu mgonjwa mmoja, na hivyo matokeo yake hayawezi kutumiwa kwa watu wote. Yaani mmetafuta mtu wa kuandikwa, mmenipata mimi, halafu mnawaomba wasomaji radhi kwamba nilikuja peke yangu? Mlitaka nije na ukoo?

5. Ng'ombe wa mama Fidelia alishika nafasi ya pili kwa maziwa katika maonyesho ya wakulima. Kwenye cheti chake liliandikwa jina lake, jina la mwenye mali, na jina la ng'ombe aliyemzaa. Hakuna aliyemfunika macho. Sasa akipita barabarani watu wanasogea na kusema, "Huyo ndiye Malaika." Mimi nikipita wanasema, "Tusalimie mgonjwa," na wanaelekeza kidole nyumba ya jirani.

Kutokana na hayo, hoja ni nyepesi hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ugonjwa uliotibiwa kwa hasira hauwezi kuwa wa mtu asiye na hasira. Kornelio hajawahi kubishana na mtu tangu abatizwe. Mwambieni mbuzi ni samaki, atasema, "Inawezekana." Kama mnabisha, njooni mfanye jaribio la wazi pale sokoni Makambako. Alishwe viazi vya moto, anyweshwe ulanzi wa baridi, apate kwikwi yake mwenyewe kwa jasho lake, kisha aambiwe amekosea. Atakubali kwamba amekosea, na kwikwi itaendelea mpaka Krismasi. Mimi nitakaa pembeni na kitambaa.

Naomba pia taarifa ichapishwe upya, uso wangu ukiwa wazi, na jina langu kamili, Anania Edward Mtewele, pamoja na kata, usharika na sauti ninayoimba. Tiba yenyewe iitwe Tiba ya Mtewele, ifundishwe darasani, na ije kwenye mtihani. Tena nisionekane mbinafsi: majarida yenu yote ya nyuma yafunguliwe. Yule aliyemeza kifungo, yule aliyeng'atwa na bata mahali ambapo mmepataja kwa Kilatini, yule bwana harusi aliyezimia mara mbili, wote watajwe majina, wapende wasipende. Mgonjwa anayeona haya ni adui wa elimu. Mwili ukishaingia katika sayansi hauna kona ya kuficha!

Na sasa nawageukia ninyi wanafunzi wa mwaka wa tatu, ambao mtakuja Jumamosi kutupima presha uwanjani siku ya uchaguzi. Brightness, nakutaja wewe kwanza, kwa sababu mimi si mtu wa kuficha majina. Kornelio atakaposimama na kuanza ile sentensi yake, wekeni vipimo chini. Simameni wote. Ninyosheeni kidole mimi, kwa sauti moja, na semeni: "Ni huyu." Msipofanya hivyo, kamati itampata mwakilishi anayekubali kila kitu, na choo kile cha wagonjwa kitaendelea bila mlango, na mtakaokitumia ni ninyi.

Nisalimieni walimu wote, mpishi wa chuo, na mlinzi wa geti ambaye safari iliyopita alikataa kuniingiza hata baada ya kumwonyesha sweta. Wote nawaambia kamwene, salamu yetu ya huku.

Nabaki, nikiwa mzima na bila kosa,

Anania Edward Mtewele
(Mgonjwa mwenyewe)

Nyongeza: Barua hii niliifunga jana jioni. Leo asubuhi nimeifungua tena, na maneno haya nayaandika nimesimama. Kuna jambo limenianza upande wa kukalia. Sitalieleza zaidi, ila kwaya imeniuliza kwa nini siketi wakati wa mahubiri, nikasema ni uchaji. Alhamisi nitakuja kwa Brightness kupitia mlango wa nyuma. Najua wanafunzi wanapenda magonjwa na wataliandika. Naomba basi jina liondolewe, na umri, na kata, na usharika, na picha isipigwe kabisa, na kama ni lazima ipigwe, kipande cheusi kiwe kikubwa na kifunike kila kitu, sweta likiwa la kwanza. Heshima ya mgonjwa ni kitu kikubwa, Ndugu Mhariri, nanyi mliliandika hilo vizuri sana kwa herufi za mlalo. Watu wakiuliza ni nani, binti asithibitishe wala asikanushe. Na Kornelio akisimama mbele ya ubao na kusema kwamba ni yeye, tafadhali msimkatize. Niko tayari kuja kumtolea ushahidi.